Shati la Profesa na Mashine ya Dirishani

Duka la ushonaji la Mzee Cyriaque pale Berea, Johannesburg, lina mashine tatu na mafundi wawili na nusu. Fundi wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni mkewe, Epiphanie, ambaye hushona vifungo jioni akitoka kazini, bila kuombwa na bila kushukuriwa. Ile nusu ni mtu wa majaribio. Huyo hubadilika kila mwezi, ila kiti chake hakibadiliki: mashine ya dirishani, penye mwanga mzuri na baridi kali, ambapo mpita njia anamwona akiinama na kudhani duka lina kazi nyingi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mtu anakuja, mara nyingi mwanamke, katoka Uvira au Bujumbura juzijuzi, kaambiwa kanisani kwamba kwa Mzee Cyriaque huwa wanahitaji fundi. Mzee anamtazama vidole, anamuuliza kama anajua kuweka kola, kisha anamweleza kwamba Joburg kazi haitolewi kwa maneno. Kaa mwezi mmoja nione mkono wako. Mshahara utakuja mkono ukishaonekana, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi ukiisha anakuna kidevu, anamsifu yule mtu kwa moyo mweupe kabisa, anaandika namba yake ya simu nyuma ya kalenda ya kanisa, kuukuu, isiyobadilishwa tangu duka lifunguliwe, na kumwambia kwa lugha ya mitaani ya kukubali, "Sharp, mama. Nitakupigia." Katika miaka kumi na tisa hajampigia hata mmoja.

Usidhani ni mtu mbaya, maana hilo ndilo linalokera. Ni mzee wa kanisa, anaimba besi, na ukifiwa atafika kwako kabla ya ndugu zako. Ukimuuliza habari za ile mashine ya dirishani atakuambia anawasaidia watu: wanapata mazoezi, wanaizoea Johannesburg, wanajulikana. Na anaamini anayoyasema. Angekuwa mwongo tungemalizana naye zamani.

Sasa mzee huyu ana binti mmoja, Belyse, aliyezaliwa na kukulia ghorofa ya nne ya jengo hilohilo, ambalo lifti yake ilikufa kabla mtoto hajajua kutembea. Belyse anasikia Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika hujibu kwa Kizulu. Alipopata nafasi ya kusomea udaktari, Mzee alishona suti mpya ya sherehe, na suti hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe. Tangu siku ile ukimwita Cyriaque anajifanya hasikii mpaka useme Baba Daktari. Binti wa watu alikuwa bado anajifunza majina ya mifupa.

Jambo lililotuleta hapa lilianza Belyse alipofika mwaka wa mwisho. Chuo huwaachia wanafunzi wiki nne wakafanye kazi katika hospitali wanayoichagua wenyewe, popote nchini. Wanafunzi wakubwa walikuwa wameshamwambia siri ya hizo wiki nne: ukitaka kuja kusomea ubingwa, usizipoteze nyumbani. Nenda kwa mkubwa wa fani yako, kaa mbele ya macho yake mwezi mzima, umshikie vyuma vya upasuaji, ucheke akisema kichekesho. Ili siku utakapoleta maombi yako, yeye aseme, ah, huyu namjua.

Na Belyse alikuwa na anachokitaka. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameona kichanga cha siku mbili, utumbo umejisokota, kikapasuliwa asubuhi na jioni kikanyonya. Alirudi nyumbani akashindwa kula, na wiki nzima hakuzungumza kitu kingine. Alitaka kuwa daktari wa kupasua watoto, basi. Nafasi za kusomea hiyo kazi ni chache mno, na mkubwa wake mmojawapo, ambaye kila mtu alimwita Profesa tu kana kwamba hakuna mwingine, alikuwa katika hospitali ya mkoa mwingine, safari ya basi ya kulala njiani. Jina la hospitali nalihifadhi, sina wakili.

Epiphanie alipinga. Yeye ni mfagiaji wa wodi katika hospitali moja hapahapa Johannesburg, na katika miaka kumi na miwili ya kufagia chini ya vitanda ameyaona ya madaktari kuliko madaktari wenyewe. Alisema hao wageni wa mwezi mmoja anawajua. Wanakuja na makoti meupe yenye mikunjo ya pasi, wanamfuata mkubwa mpaka mlango wa choo, wanakodi chumba kwa hela ya wazazi, na siku wakiondoka hakuna anayeuliza wamekwenda wapi. Wanaopewa nafasi, alisema, ni wale ambao sista wa wodi akiuguliwa na mtoto huwapigia simu. Kwa nini Belyse asibaki hapa, wodi ya watoto, ambako sista mkuu alikuwa ameshamtaka? Kina mama wa Kikongo na wa Kirundi walikuwa wakileta watoto pale na hakuna wa kuwasikia lugha yao. Kizuri chajiuza, mume wangu, alisema, kibaya chajitembeza.

Mzee Cyriaque alicheka hadi akaweka mkasi chini. Kizuri gani kinajiuza Johannesburg hii? Hapa hata almasi inawekwa dirishani na taa juu yake. Asiyekujua hakuthamini, alisema. Epiphanie akamjibu kwamba ndiyo hivyo hivyo, abaki kwa wanaomjua. Methali moja, watu wawili, na kila mmoja akaivuta upande wake mpaka chakula kikapoa.

Ukweli ni kwamba Mzee alikuwa ameshaamua, tena kwa sababu asiyoweza kumwambia mkewe. Belyse alipomweleza mambo yalivyo, kwamba unakwenda kwa mkubwa, unafanya kazi mwezi bila malipo, ili auone mkono wako, Mzee alihisi kifua kimemjaa. Kumbe maprofesa nao wana mashine ya dirishani! Miaka yote hiyo Epiphanie alikuwa akimnunia kwa utaratibu wake, na kumbe ndio utaratibu wa watu waliosoma, wenye miwani na mashine za mionzi. Angempinga vipi Profesa? Ilikuwa kama kujipinga mwenyewe.

Basi akauza mashine ya overloki, ile nzuri, ili Belyse apate chumba cha kulala huko aendako. Na kwa kuwa alibaki na mashine zisizomaliza vizuri ncha za kitambaa, ilimbidi mtu wa majaribio wa mwezi ule awe na mkono mzuri kweli. Mungu akamletea mwanamke wa Uvira, wa miaka arobaini hivi, mama wa watoto watatu, mtulivu, anayemwita yeye Patron, yaani bosi, kama wafanyavyo Wakongo. Mzee alimwita "wewe wa dirishani," kama alivyowaita wote.

Hapo ndipo Mzee alipofanya kosa ambalo ni Mrundi wa Berea mwenye duka la nguo tu anayeweza kulifanya. Sisi hatuendi kwa mkubwa mikono mitupu. Ukienda kuomba unatanguliza kitu, si hongo, ni heshima, na asiyetanguliza kitu huonekana hakulelewa. Kwa hiyo Mzee akaamua kumshonea Profesa shati la kitenge. Vipimo alivitoa wapi? Kwenye picha. Belyse alikuwa na picha ya madaktari wa idara ile kwenye simu, watu kumi na wanne wamejipanga mbele ya ukuta, na Mzee akaikuza kwa vidole mpaka Profesa akajaa kioo kizima. Akamtazama mabega. Akasema hapa ni kumi na tisa, shingo kumi na sita na nusu, na tumbo analibana kwa ajili ya picha, tuongeze inchi mbili.

Kitambaa kilikuwa cha buluu nzito chenye ndege weupe. Mzee alikata yeye, hilo tumpe. Kushona alishona yule wa dirishani. Kola ile ilikaa shingoni mwa sanamu ya kupimia nguo kama imemwagwa pale, na matundu ya vifungo aliyafanya kwa mkono kwa sababu mashine ya kuyafanya haikuwapo. Siku tatu aliinama pale kwenye baridi ya Juni, na kikoti chake kimoja. Alipomaliza, Mzee aliliinua lile shati kwenye mwanga na kumwita mkewe aje aone alichokishona. Alichokishona yeye, unasikia. Wa dirishani akaendelea kuokota vipande vya uzi sakafuni.

Belyse aliona aibu. Alisema kwa Kiingereza kwamba watu hawafanyi hivyo, kwamba itaonekana vibaya. Baba yake akamwambia alitoe siku ya kwanza, kwa mikono miwili. Binti akalitia chini kabisa ya begi na kuondoka nalo, maana kubishana na Baba Daktari ni kazi ya kutwa.

Wiki nne zile Mzee alizisimulia kanisani kama habari za vita. Belyse alikuwa akifika wodini kabla ya wauguzi wa zamu. Belyse alishika vyuma vya kupanulia kidonda saa tano mfululizo bila kutikisika. Belyse ndiye aliyetumwa maabara, ndiye aliyetafuta kitanda, ndiye aliyebaki na mama wa mtoto wakati wengine wamekwenda kula. Profesa hakulishika jina lake, alimwita "wewe wa Joburg," lakini Mzee alisema hiyo ni dalili ya mapenzi. Siku ya mwisho binti aliacha shati kwa katibu wa idara, na kadi ndogo yenye jina lake, kwa kuwa hakupata ujasiri wa mikono miwili. Profesa alimkuta koridoni akampa mkono. Alisema ana vidole vizuri sana, aombe nafasi wakati ukifika, watamtafuta.

Jumapili iliyofuata Mzee alisimama kutoa ushuhuda. Watamtafuta, alisema, na kanisa likapiga makofi.

Wiki hiyohiyo mwezi wa yule mwanamke wa Uvira ulikuwa umetimia na siku kadhaa juu yake. Mzee alikuna kidevu, akamsifu, akaandika namba nyuma ya kalenda. Sharp, mama. Nitakupigia.

Miaka ikaenda. Belyse akamaliza chuo, akafanya miaka ya mafunzo ya kazi, akafanya mwaka wa kutumikia umma huko mashambani, kisha akapata kazi katika kliniki moja ya Soweto, akitibu vikohozi na kungoja. Nafasi ya ubingwa ilitangazwa mwaka huu, moja tu, kwa Profesa. Belyse akaomba, akaitwa kwenye usaili. Dukani kwa baba yake mambo yalikuwa yamepooza, kwa kuwa siku hizi watu hununua vitenge vilivyoshonwa tayari, vya kutoka China, na harusi moja ikipita, miezi mitatu inakwisha bila nyingine. Lakini Mzee hakujali, aliona yote yatanyooka binti akipata. Alimshonea sketi na koti. Alimwambia Profesa akimwona tu atasimama.

Belyse alirudi Ijumaa. Alipanda ngazi za ghorofa zote nne, akaingia, akakaa kwenye kochi na begi lake mapajani. Mama yake akamwekea chai. Mzee alibaki amesimama, tayari kwa kupongezwa.

"Baba," alisema Belyse, na alisema kwa Kiswahili, jambo lililowatisha wote wawili. "Alikuwa amevaa shati lako."

Mzee akafurahi, maskini. Akauliza kama lilimkaa vizuri mabegani. Belyse akasema lilimkaa vizuri sana, hata mama mmoja wa pale mezani alilisifu kabla hawajaanza. Profesa akamweleza yule mama kwamba alilinunua mwenyewe Accra, alipokwenda kwenye mkutano, na kwamba ilimbidi abishane sana bei. Wote wakacheka. Kisha akainua karatasi, akamtazama Belyse kwa upole, na kumuuliza kama aliwahi kuitembelea hospitali yao.

"Nilimwambia nilikaa wiki nne kwenye chumba chake cha upasuaji, nikimshikia vyuma. Akasema, oh, vizuri. Halafu akaendelea na swali la pili."

Alieleza na mengine, taratibu. Profesa alipoinama kuokota kalamu, kola ilipinduka nyuma, na Belyse akaona kwa chini yake nyuzi tatu nyekundu zimeshonwa pamoja, ndogo, ambazo hakuwahi kuziona. Muda wote wa usaili alizitazama hizo akilini. Nafasi ilikwenda kwa kijana aliyekuwa daktari wa kawaida wodini mle kwa miaka miwili, ambaye masista wote humwita kwa jina la utani. Belyse aliambiwa kwamba ana vidole vizuri, na kwamba jina lake watalihifadhi, watamtafuta.

Katika nusu hii ya chini ya dunia hakuna mtu anayelijua neno hilo kuliko Mzee Cyriaque. Hakuhitaji kutafsiriwa. Alikaa, kisha akasimama, kisha akapiga meza. Alisema yule ni mwizi. Mtu anakula jasho la mwezi mzima la mtoto wa watu, anavaa shati la baba yake, na sura anaisahau? Ana moyo gani? Kwao walimfundisha nini? Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni akirudia: sura, hata sura!

Epiphanie akaondoa kikombe cha chai mezani. Akasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzee akamwambia huu si wakati wa kuzungumzia nguruwe.

Akaanza kumsimulia hadithi hiyo kila aliyeingia dukani. Aliyeleta zipu ya kubadilisha aliondoka na zipu na habari za Profesa. Kadiri alivyosimulia ndivyo shati lilivyozidi kuwa zuri, na hata zile nyuzi nyekundu akazipatia maelezo. Alama yangu ya siri, alisema. Mimi kila kazi ninayoipenda naiwekea alama. Alilisema mara ya kwanza kwa kusitasita, na kufikia mara ya tano alikuwa anakumbuka siku aliyozishona.

Wiki ya pili ya masimulizi hayo, gari lilisimama mbele ya duka, akashuka mwanamke wa makamo, kavaa koti zuri la sufu lenye kola ya kitenge. Alisema ana karakana yake ya ushonaji, anashonea watu wa Sandton, mtaa wa matajiri, na sasa amepata harusi ya Mkenya mmoja wa benki, nguo sitini, na mafundi wake hawatoshi. Anatafuta duka la kumsaidia kushona nusu yake. Nguo thelathini! Mzee alipangusa kiti kwa mkono wa shati lake. Akamtuma Epiphanie, ambaye siku hiyo alikuwa mapumzikoni, alete Fanta kutoka spaza, kiduka cha jirani. Akamwita mgeni Madame.

Na ili Madame ajue amefika kwa fundi wa aina gani, akamsimulia shati. Alisimulia vizuri kuliko siku zote: picha ya watu kumi na wanne, inchi mbili za tumbo, ndege weupe, kola. Aliposema Accra, alipiga meza, na haikuwa maigizo, kwa sababu alimpenda binti yake na jambo lile lilimuumiza kweli. Alisema yule mtu alikaa na mtoto wake mwezi mzima, uso kwa uso, akamtumia, akamwahidi, na baadaye akamtazama kama ukuta. Alisema Mungu hamsahau mtu kama huyo. Alimaliza na nyuzi tatu nyekundu, alama yake.

Mgeni alikuwa hajagusa Fanta. Alitazama mashine ya dirishani, ambako mwanamke mmoja mwembamba alikuwa akipinda suruali, kichwa chini. Kisha akainua kola ya koti lake mwenyewe na kuipindua. Kwa chini zilikuwapo nyuzi tatu nyekundu, zimeshonwa pamoja.

"Alama ya mama yangu, Patron," alisema. "Alikuwa akishona Uvira, sokoni. Shati la ndege weupe nilikaa nalo siku tatu pale. Naitwa Orpha. Hukuwahi kuniuliza."

Epiphanie aliyekuwa mlangoni alikaa juu ya kreti ya soda. Mzee, kama mtu anayezama na kushika chochote, alikimbilia ukutani akaishusha kalenda. Alisema namba yake alikuwa ameihifadhi, anaapa, alikuwa ampigie, siku zote alikuwa ampigie. Akaigeuza. Nyuma yake zilikuwapo namba, safu baada ya safu, kalamu za rangi mbalimbali, na mbele ya kila namba palikuwa na neno moja, dirishani. Dirishani, dirishani, dirishani, mpaka chini. Kidole chake kilizunguka kwenye karatasi kikitafuta pa kutua.

Orpha hakumsaidia. Alimwacha atafute. Alipoona kidole kimechoka, alifungua mkoba wake akatoa kipande cha kitambaa cha harusi, cha dhahabu na kijani, kimekatwa tayari, akakiweka juu ya meza.

"Kazi ipo," alisema. "Lakini sijui mkono wako, Patron. Nilikaa hapa mwezi mzima sikukuona ukishona. Nishonee kola moja nione. Hii ni ya majaribio."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama vile mtu anavyomwambia muuza nyanya anataka kilo mbili. Aliongeza kwamba atapita kesho kuichukua, na kwamba ikimpendeza atapiga simu. Akamsalimia Epiphanie kwa mikono miwili, akamshukuru kwa uji aliokuwa akimletea zamani zile wakati wa baridi, akatoka.

Mzee Cyriaque alibaki na kola mkononi. Angeweza kuitupa. Epiphanie, aliyemjua kwa miaka thelathini, alingoja aone kama ataitupa. Lakini kodi ya duka ilikuwa inabisha hodi mlangoni, binti yake alikuwa Soweto akipima vikohozi na jina lake limehifadhiwa mahali, na nguo thelathini ni nguo thelathini. Akatafuta miwani yake. Kitambaa kile kilikuwa chepesi na kinateleza, kola yake ilitaka macho, na taa ya duka ilikuwa inafifia na kurudi. Mahali pekee penye mwanga wa kushonea kola ya namna ile palikuwa dirishani.

Akaenda. Yule mwanamke mwembamba alikuwa bado ameinama, anapinda suruali, hakuonyesha kwamba amesikia lolote. Mzee alisimama nyuma yake, kola mkononi, akataka kumwita kwa heshima ampishe kidogo. Akakuta hana jina la kumwita. Mwanamke alikuwa na wiki ya tatu pale.